Sawasawa

Simu ya kwanza ilitoka Pongwe, kabla ya adhana,
Bi Mwanahawa Mhina wa kituo cha maziwa:
"Mwanangu, mmeniambia mara sita
kwamba nimepokea lita mia mbili na kumi.
Nimesikia. Mnaniona kiziwi,
au mnataka kunilipa mara sita?"

Nikacheka. Kisha Muheza wakapiga, Amboni wakapiga,
na Semkiwa wa Maramba akatuma neno moja tu: Tena?

Mimi niko Barabara ya Kumi na Mbili,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
natazama takwimu zinavyopita kwenye kioo,
kituo, saa, lita, kituo, saa, lita,
mkondo usiojua kusubiri mtu.

Kanuni niliiandika mwenyewe, Ramadhani, tumbo tupu:
hesabu mpya ikiwa sawa na ya zamani, nyamaza.
Ikibadilika, mpe mwenyewe habari.
Mtoto wa darasa la pili angeielewa.

Lakini Mabokweni, lita tisini: kimya.
Kange, lita mia na ishirini na saba: kimya.
Kiomoni, lita moja tu zaidi ya Kange:
ujumbe, ujumbe, ujumbe, kama jogoo aliyeshikwa na wazimu.

Siku mbili nililaumu mnara wa simu.
Nikamlaumu Mbwambo, aliyeacha kazi mwezi wa tatu
na hayupo kujitetea.

Usiku wa tatu umeme ukakatika, ukarudi,
nami nikaziona: alama mbili za sawa,
zimelala sambamba kama reli ya Korogwe.
Sawa, sawa. Nilizisoma kwa lugha ya mama:
sawasawa, barabara, bila kasoro.
Mashine haikuulizwa hivyo.
Iliulizwa: keni hii ndiyo ile?
Chuma kilekile, mbonyeo uleule ubavuni?
Nayo, kwa uaminifu wa karani mgeni, ikajibu: siyo.

Namba ndogo zina keni zao za kudumu,
zimepangwa rafuni tangu mashine inapoamka;
ukiitaja tisini, unapewa ileile ya jana.
Baada ya mia na ishirini na saba rafu imekwisha.
Kila mia mbili na kumi huzaliwa upya,
Kurwa na Doto, sura moja,
lakini waulize kama ni mtu mmoja!

Nikafuta alama mbili, nikaandika: tazama kilichomo.
Simu zikanyamaza saa nne kasoro.

Mchana Bi Mwanahawa akapiga tena.
"Leo hamjaniambia kitu. Maziwa yamefika?"
Yamefika, mama. Hatukusema kwa sababu ni yaleyale.
"Yaleyale?" akasema. "Ya jana yalishanywewa, mwanangu.
Haya ni mengine."

Feni ikazunguka.
Nikaifungua kanuni upya.