Nta

Mzinga mmoja, Evarist, ulitoa vitu viwili:
asali ikaenda kwenye pipa langu,
nta ikaenda kanisani.
Miaka mingi sikuona kwamba hilo lilikuwa fumbo.

Wanzuki niliipika mimi.
Niseme hivyo kwanza, kabla sijakutaja wewe.
Ada ya Gaudensia ilibaki elfu sitini,
tumbaku ya mwaka ule ilioza ghalani,
nikachanganya asali yako na maji ya moto,
pipa nikalifunika kwa kanga yangu ya harusi.
Wateja walitoka hadi Ipuli.
Wa kwanza kuonja ulikuwa wewe.
Nikakuuliza, nikicheka, "Imeiva?"

Imeiva.

Baada ya hapo, miaka sita.
Baiskeli. Kisha bati nne za jikoni.
Kisha pete: yako kwanza, halafu yangu,
niliyoivua nikikanda unga wa maandazi
nikaiacha dirishani kama mjinga.
Ulilala kwenye mtaro wa Cheyo,
watoto wa shule wakakuruka wakihesabu,
moja, mbili, baba Gaude.
Mimi nyumbani na rozari;
nilipofika tendo la nne la uchungu
nikaomba ufe.
Si kwa hasira. Niliomba vizuri, kwa adabu,
kama mtu anayeomba mvua.

Kwenye kitubio niliyamwaga yako yote,
dhambi zako kwa mpangilio, na tarehe.
Padre alingoja hadi nimalize.
"Na za kwako, mama?"
Nilikaa pale mpaka goti likafa ganzi.

Pipa nililipasua Jumatano ya Majivu.
Halikukuponya hilo. Uliapa, ukavunja, ukaapa tena.
Siku nne ulitetemeka kitandani
ukiwafukuza nyuki watoke masikioni mwako,
nami nakunywesha uji kwa kijiko,
nawe unanitukana mimi na ukoo wangu,
na katikati ya matusi
hukuuachia mkono wangu.
Pale altareni tulisema "katika ugonjwa".
Hatukuulizana ugonjwa gani.

Leo ni Mkesha wa Pasaka, siku yako ya kumi na tisa.
Umeketi kushoto kwangu,
shati limekuwa kubwa kuliko mwenyewe.
Kanisa giza tupu. Moto unapita mkono kwa mkono.
Shemasi anausifu mshumaa, anafika kwenye nyuki,
na wewe, mrina asali wa Ndono,
unainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina.
Nta ile ni yako. Uliileta wiki iliyopita
kwa miguu, kwa kuwa baiskeli hatuna.

Tone linaniangukia kidoleni,
palepale palipokuwa na pete.
Linachoma, linapoa, linaganda.
Umeliona. Silifuti.

Wala sisemi tumepona.
Kesho mnadani wenye vibuyu watakuwepo,
na njia ya msituni haijahama,
bado inapita mlangoni kwa Mama Nkinda.
Nakuomba kitu kimoja:
ukiuona mlango ule, uniite kwa sauti,
hata kama ni kwa kunitukana.
Nitaacha unga, nitaacha sufuria motoni,
nitakuja.