Moja kwa Mbili

Bureti yangu imemeguka mdomo;
Madam Khakasa ameuzungushia plasta ya kidonda.
"Macho yalingane na maji," asema,
"msisome kama watu wanaochungulia uani."

Ishirini na tano za soda katika chupa ya koni.
Matone mawili ya kiashiria, na soda ikaona haya,
ikawa waridi kama ufizi wa mtoto.
Kisha asidi, tone, tone,
kushoto nimeshika koki, kulia natikisa.

Mara ya kwanza nikapitiliza: ishirini na nne nukta sita.
Nilikuwa natazama dirishani
mabomba ya kiwanda cha karatasi, Webuye yetu,
yamesimama bila moshi.
Muyoka wa meza ya pili analia kuwa yake haigeuki.
Hakutia kiashiria.
Nukta moja. Halafu ishirini na tatu nukta tisa. Halafu ishirini na nne kamili,
rangi ikaondoka kwa tone moja
kama mtu aliyeitwa nje.

Soda hii Baba aliibeba kwa magunia.
Afisa wa vitambulisho alimwambia abonyeze tena,
bonyeza tena, mzee;
wino ukatoka laini, bila mstari hata mmoja.

Nukta sufuri tano mara ishirini na nne, gawa kwa elfu:
moli nukta sufuri sufuri moja mbili za asidi.
Nusura niandike hiyohiyo kwa soda, nifunge daftari.
Lakini mlingano umesema moja kwa mbili:
asidi moja haitulii
mpaka ikutane na soda mbili.
Nikazidisha.
Nukta sufuri sufuri mbili nne.

Usiku, kwenye meza ya chakula,
namuuliza gunia lilikuwa na uzito gani.
"Kilo ishirini na tano. Kuhesabu ilikuwa kazi ya karani."
Nagawa kwa arobaini, nyuma ya daftari.
"Moli mia sita ishirini na tano, Baba. Kila gunia."
"Ni nyingi?"
Natafuta chupa yangu ya koni ndani ya gunia lile;
naipata zaidi ya mara robo milioni,
na zote zina haya.
"Ni nyingi."
Anakitazama kiganja chake, anakikunja,
ananisogezea sahani ya ugali.