Pua ya Kuazima

Tuulikki aliniachia vyungu kumi na kimoja
na daftari lenye madoa ya kahawa:
"Gadenia hataki maji ya bomba. Myeyushie theluji,
umpe yakishakuwa vuguvugu.
Mlimau umgeuze nusu duara kila Jumapili.
Asumini usimbembeleze. Atakuja mwenyewe."

Aliwaandika kama watu, nami nikacheka.
Mwaka wa kwanza nilicheka.

Hapa Oulu, Desemba, jua huchungulia
kama mgeni aliyekosea mlango,
likaomba radhi, likaenda zake.
Saa nane mchana nimeshawasha taa za zambarau,
zote tatu, na jirani wa mkabala
anadhani nimefungua disko.

Kila asubuhi nashuka uani na ndoo,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nachota palipo safi, mbali na mbwa wa Hannele.
Ndoo nzima ya theluji ikiyeyuka
haijazi birika.
Sikulijua hilo nilipokuwa na mke.

Hita inakausha hewa hadi midomo inapasuka;
basi sinia, kokoto, maji, vyungu juu yake.
Utitiri nimewafuta jani kwa jani
kwa kitambaa na sabuni ya vyombo,
mimi, niliyeendesha mtambo wa karatasi
mrefu kuliko mtaa huu.

Mtambo huo ndio ulionila pua.
Miaka thelathini na mmoja ya klorini:
sisikii moshi, sisikii samaki,
sikuisikia harufu yake kabatini
siku ile Maarit alipozikumbatia nguo za mama yake
akalia, nami nimesimama kando
kama mtu anayesubiri lifti.

Leo ni tarehe tisa Januari. Asumini amefungua.
Kumi na saba, nimehesabu mara mbili.
Nimeinama, nimevuta pumzi
mpaka kichwa kikazunguka.
Hewa tu. Hewa yenye joto.

Kisha kengele. Venla wa ghorofa ya pili,
miaka saba, anauza biskuti za safari ya shule.
Bei hajaitaja. Amesimama kizingitini,
buti zinadondosha barafu mkekani,
macho kafumba, pua juu.
"Nani yuko humu ndani?" akauliza.

Nikanunua pakiti zote sita.
Vua koti, nikamwambia, keti hapa,
kisha unieleze, pole pole, usiruke kitu.
Anza na huyo wa dirishani.