Sauti ya Kifaranga

Vuai, fundi baiskeli wa Muyuni,
ana pengo mbele, na hapo ndipo anapoanzia somo:
"Weye shemeji una meno yote. Utapata tabu."

Nimepoteza vifaranga kumi na mmoja.
Asubuhi nakuta manyoya, na harufu ya zabadi
imeganda mlangoni mwa banda
kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

"Lowesha midomo. Usiibane kama mtu aliyenuna.
Bandika mgongoni mwa mkono, hapa penye mshipa,
unyonye. Usipulize! Kupuliza ni mluzi,
na mluzi ngawa anaujua: ni mtu, ana mbwa."

Nanyonya. Inatoka sauti ya busu.
Vuai anaangalia pembeni,
mie naangalia mnyororo wa baiskeli.

Siku ya tatu: panya.
Siku ya tano: panya mwenye mafua.
Mkono umevilia damu. Shoga yangu Sihaba
ananiuliza dukani, nani anayeniuma?
Nafanya mazoezi nikikuna nazi, nikiosha vyombo,
hata mwanangu ananiiga usingizini.

"Sasa muumize," anasema Vuai.
"Kifaranga wako analia kama anayeomba chenga.
Ngawa haji kwa mwenye njaa,
huja kwa aliyekwishashikwa.
Halafu nyamaza. Hesabu mpaka mia.
Sauti inamwonyesha tu pa kusikiliza;
kimya ndicho kinachomvuta."

Baada ya sala ya alfajiri, nyuma ya banda,
juu ya mawe yenye meno,
upepo usoni, mbwa wamefungwa,
nikaita.
Mara moja, ndefu, ikakatika katikati.
Sikujua imetoka wapi ndani yangu.
Vuai akaacha kutafuna.

Sitini. Sabini na mbili.
Majani yakatikisika.

Hakuwa ngawa.
Alikuwa koo wangu, yule kishingo,
mama wa wale kumi na mmoja,
mbawa wazi, mdomo wazi, mbio,
akanidonoa mkono palepale penye alama.

Vuai alicheka, kisha akaacha.
"Basi umefuzu," akasema, akafungua mbwa.

Ngawa bado anakuja; juzi kachukua jogoo.
Na koo, kila nikifungua kinywa
kumwita ale pumba,
husimama kwanza,
kichwa upande,
akanisikiliza.