Kompyuta Moja, Kitangari

Walinipigia simu kutoka Mtwara mjini:
toa la zamani, weka jipya,
mnada wa kwanza ni Ijumaa.
Walisema kama mtu anayesema, vua viatu.

Kompyuta ni moja. Ipo juu ya meza ya mninga
ambayo chama kilinunua mwaka bei ilipopanda,
na katikati ya vitufe vyake kuna salfa,
vumbi la vidole vya wakulima
wanaotaka kubonyeza wenyewe majina yao.
Herufi N imefutika kabisa.
Huku kwetu nani hana N?
Nangwele, Namkuva, Nantende, Nandonde.

Ndani yake linaishi toleo la elfu mbili na nane,
zito kuamka, lenye kikohozi.
Linakumbuka kilo za watu waliokwisha kuzikwa,
daraja la kwanza, daraja la pili, unyevu,
na safu moja niliyoiongeza mwenyewe
msimu ule malipo ya pili hayakuja.
Safu hiyo niliiita BADO.

Nilisoma maelekezo usiku, umeme ulipokubali.
Yanasema matoleo mawili hukaa nyumba moja
mradi la zamani litangulie kuingia
na la pili lisije bila jina.
La kwanza halihitaji jina, ndilo mwenyeji.
Nikamkumbuka kaka aliporudi kutoka jandoni:
mama alimwita kwa jina la utotoni mara tatu,
na mara tatu hakugeuka.

Nikaandika MSIMU MPYA.
Likakataa, halitaki nafasi katikati.
Nikaandika MSIMUMPYA. Likanyamaza, likaendelea.

Kisha ugomvi wa mlango.
Yote mawili yalitaka namba ileile,
wake wenza na jiko moja.
La pili nikalipa mlango wa uani.
Kumbe yupo mtumishi mdogo dirishani,
kazi yake moja tu: mgeni akibisha
humuuliza, unamtaka nani? na kumwonyesha njia.
Nami nimeketi dirishani miaka kumi na miwili.
Nikampenda hapohapo.

Asilimia thelathini na nane. Umeme ukakatika.
Mtipa, mlinzi wetu, akaja na tochi, akauliza
kwa nini nisifute tu, kama ubao wa shule.
Sikumjibu. Tulikula mihogo ya kuchoma gizani
mpaka feni ilipoanza kuvuma tena, na mimi nikaanza upya.

Kuna jambo wameliandika kwa herufi ndogo:
kumbukumbu zikishahamia kwenye jipya
hazirudi tena kwa la zamani.
Jipya humsoma mkubwa wake. Mkubwa hamsomi.
Kidole kilibaki hewani
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.
Barua zangu za chuo zilimshinda baba,
alizikunja, akaziweka chini ya mto.
Zake, zenye herufi zilizoinama kama mikorosho ya mtelemkoni,
nazisoma hata bila taa.

Alfajiri ukungu uliingia mpaka kizingitini,
na kwenye kioo yakasimama mawili,
kila moja na alama yake ya kijani.

Saa mbili akaja Somoe Nandonde
na stakabadhi iliyokunjwa mara nne, jina la marehemu mumewe.
Nikaanza na jipya. Likajibu upesi, kwa adabu:
hakuna.
Nikagonga kwa la zamani.
Likakohoa. Likazunguka. Likazunguka tena, Somoe akaketi,
akavua kandambili.
Kilo mia tatu na kumi na nne. Daraja la kwanza.
BADO.

Hakushangilia. Hela haikuwa imetoka.
Alisogea tu, akaligusa jina kwenye kioo,
akaacha alama ya kidole, ya njano.
"Kwa hiyo anajulikana," akasema,
akatafuta kandambili zake kwa miguu.

Simu ikalia. Mtwara.
Wanataka kujua kama nimeshalitoa la zamani.
Nikaitazama ile alama kwenye kioo.
Bado, nikasema.