Dobi wa Makadara

Kila Ijumaa dereva huniletea joho
ndani ya mfuko wa duka la viatu,
pamoja na vile vitambaa viwili vya shingoni,
vyeupe, vidogo kama masikio ya sungura.

Nikupe siri ya kazi yangu.
Kanzu nyeupe huna haja ya kuiuliza:
mchuzi wa pweza, wino, tambuu, damu ya pua,
yote hujisema kabla hujaitia majini.
Jeusi halisemi.
Jeusi hulijui mpaka ulipige pasi,
mvuke upande,
ndipo harufu inyanyuke: jasho, udi,
saa nyingi za kukaa mahali pamoja
ukisikiliza watu wakilia kwa zamu.

Barazani wanajua joho hili ni la nani.
La Jaji Mwakoi, wa chumba nambari tatu,
aliyekuwa wakili wa chama kabla hajateuliwa.
Mimi nilimfulia hata fulana ya kampeni,
ya kijani, uso wa mkubwa kifuani.
Niliusugua ule uso kwa sabuni ya mche.
Haukutoka. Ulichujuka kidogo tu, upande wa shavu.

Mwezi wa tano aliamua kesi ya yadi ya makontena, Mtongwe:
serikali imeshindwa,
wenye makaburi yao wabaki na makaburi yao.
Barazani wakacheka.
"Uchaguzi u karibu," akasema Fumo kinyozi.
Mwezi wa saba, kesi ya vibanda vya samaki:
serikali imeshinda.
"Si nilisema?"
Fumo yule yule, wembe ule ule.

Nikawauliza, basi afanyeje mtu huyu
mkubali kwamba amepima?
Mmoja akajibu, "Alivue, amrudishie aliyemvisha."
Mwingine, "Akilivua, nani atahukumu? Wewe?"
Wakarudi kwenye bao lao.

Jumatano akaja Bi Riziki Mwachiti
na jozi moja ya leso, ile ya harusi ya bintiye.
Jumatatu kesi yake inasomwa,
nyumba ya marehemu mumewe, yeye na bodi ya serikali.
"Zipige vizuri," akasema, "nataka nionekane mtu."
Ijumaa akapita tena kuziulizia,
akaliona joho kwenye kamba,
akaligusa pindo kwa kidole kimoja,
kama mtu anayejaribu kama chai imepoa.
"Lina mifuko?"
"Lina."
"Mna nini?"
"Nimekuta ganda la peremende."
Akafikiri. "Alinunua mwenyewe, au alipewa?"

Ningemjibu nini?
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Hawakusema mkono uliojaa
hulambwa mpaka lini.

Jumapili usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikatoa pasi ya makaa.
Makaa yalikuwa ya nguo moja,
labda moja na nusu.
Leso zilikuja Jumatano. Joho, Ijumaa.
Nikalitandaza joho.
Nikalipiga mikono, kola, mgongo,
nikalitundika, nikalivika nailoni,
na niliporudi kwenye pasi
ndani mlikuwa na jivu.

Sikiliza. Hakuna aliyenipigia simu.
Dereva hakusema fanya haraka.
Jaji mwenyewe hajui jina langu,
wala sijawahi kumwomba kitu,
wala sina kesi.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Alfajiri Bi Riziki alifika mlangoni kabla ya kunguru.
Nikampa leso zake zimekunjwa,
pindo bado zina maji.
Nilikuwa nimetayarisha maneno ya umeme.
Akazishika, akanitazama,
akajifunga moja, akajitanda ya pili.
"Zitakauka njiani," akasema.

Joho lilikuwa limekwishapita, kavu.