Kungwi wa Joto

Puerto Maldonado, mwezi wa pili, mvua haibishi hodi.
Celedonio Huallpa amekaa kwenye stuli ya chuma,
kofia mapajani, sikio la kushoto limeliwa ukingo
kama mkate uliosahauliwa, panya wakaukumbuka.

"Daktari," ananiita, nami si daktari,
ni mtu wa vioo, wa darubini, wa kuosha chupa.
"Nimelipaka mafuta ya taa. Nimelipaka maji ya betri.
Mke wangu kalichoma kwa kijiko. Halisikii."

Nakwangua ukingo wa kidonda. Anaing'ata kofia.
Chini ya lenzi, wamo:
wadogo, wa mviringo, mkia hawana,
wametulia ndani ya seli iliyowameza
kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.

Hawakuanza hivyo.
Tumboni mwa usubi walikuwa wembamba, wenye mjeledi wa kuogelea,
maisha ya ubaridi, ya sukari ya majani.
Kisha usiku mmoja, kambini kwa waokota kastanya,
usubi akatua kwenye sikio la mtu aliyelala,
na ghafla, joto la binadamu.

Protini ni uzi uliokunjwa; umbo lake ndiyo kazi yake.
Joto likipanda mikunjo hulegea,
uzi hushikana na uzi,
na seli huwa kapu la nywele zilizotatizana.
Samaki hukunjwa angali mbichi, sawa,
lakini nani atamkunja aliyeanza kuiva?

Hapo huingia yeye.
Vitabu vimempa herufi tatu na namba.
Mimi namwita kungwi,
kwa kuwa humpokea mwali asiyejua kusimama,
humfungia chumbani, humfunda,
hamwachii mpaka viungo vimekaa mahali pake.
Yeye mwenyewe haolewi. Hapambwi. Kesho ana mwali mwingine.

Kimelea huwaita makungwi wake wote kwa mpigo,
na joto lililokuja kukiua
hukigeukia likawa habari njema: umefika,
vua mkia, jiviringe, zaa.

Nawasha mashine yangu, ukubwa wa redio,
ncha mbili za chuma,
nyuzi hamsini, sekunde thelathini.
Celedonio anaitazama, ananitazama.
"Umesema joto ndilo lililowaamsha.
Sasa unawapelekea joto jingine?"

Katika mitihani yangu yote ya Cusco
hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hili.
Dawa ya moto ni moto, namwambia,
halafu naona haya, maana methali si jibu.

Basi najaribu tena:
kungwi mmoja hufunda mwali mmoja.
Wakija elfu mlangoni kwa wakati mmoja,
wote wamevuliwa, wote wanalia,
hata nyumba yenye makungwi mia huanguka.

Sikumwambia lililobaki.
Kwamba ngozi yake nayo ina makungwi,
ndugu wa wale, wanafanana hadi vidole,
na ndio watakaomtengeneza nitakapozima mashine.
Kwamba kwenye friji yetu ipo chupa ndogo
yenye kitu kinachomfunga kungwi mikono,
vimelea hufa nacho kwenye sahani ya kioo, vizuri sana,
na seli zetu pia.

Sindano ya ganzi. Sekunde thelathini. Harufu.
Akahesabu kwa Kiquechua, akakosea kwenye ishirini,
akaanza upya.

Alirudi mwezi wa tano na gunia la kastanya.
Sikio limefunga, kovu linang'aa kama karatasi ya peremende.
Nikaligusa ukingoni, mahali chuma hakikufika sawasawa.

"Waliobaki, kama wamebaki," akasema,
"wamejifunza nini?"

Nikachukua koleo la maabara,
nikaibana kokwa moja kati ya meno yake,
ganda likagoma,
nikabana tena.